Kijiji alikozikwa Makinoni

Makanga wa basi la Mombasa akishapita Mariakani huanza kuita: "Samburu! Taru! Makinoni wa kushuka!" Nimekua nikidhani Makinoni ni neno la Kiduruma ambalo maana yake imepotea, kama yalivyo majina mengi ya kwetu. Nilikuwa darasa la tano mwalimu alipoandika ubaoni Mackinnon Road, akasema Mackinnon alikuwa mzungu na road ni barabara. Basi, akafuta ubao tukaingia hesabu. Barabara yenyewe tulikuwa tukiiona dirishani, imejaa malori ya makontena, na mzungu hatukumwona.

Sasa huu ni mwaka wa kumi na moja niko Glasgow, nahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Usiku mmoja wa zamu, wazee wote wamelala, mimi na kikombe changu cha chai, nikamtafuta huyo Mackinnon kwenye simu. Sir William Mackinnon, kazaliwa Campbeltown 1823, kafia London tarehe 22 Juni 1893, kazikwa Clachan, Argyll. Nikatazama ramani. Clachan iko kwenye njia ya basi namba 926, lile la kwenda Campbeltown. Miaka yote hiyo nilikuwa nikilipita stendi ya Buchanan likiwa limeegeshwa, injini inanguruma.

Siku yangu ya mapumziko iliyofuata nilipanda.

Safari nitaiharakisha. Basi lafuata ziwa Lomond, lapanda mlima ambao Waskoti wameupa jina la "pumzika ushukuru" (na kweli abiria hushukuru), lashuka Inveraray, Lochgilphead, kisha Tarbert penye mashua za uvuvi. Baada ya Tarbert bahari inakuwa mkono wa kulia, nyembamba na tulivu, imeingia nchi kavu kama hori la Tudor linavyoingia nyuma ya kisiwa cha Mombasa. Wao huita loch, iwe maji chumvi au maji baridi, hawabagui. Dereva akanishusha kando ya barabara kuu, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia ninayo. Mvua ilikuwa ile yao isiyonyesha wala kuacha.

Kijiji kimekaa bondeni, barabara kuu imekipita kando. Nyumba chache zimepangana kando ya kijito, shule ndogo ya msingi, kanisa lenye makaburi uani, kondoo hadi kwenye ua wa kanisa. Ukitembea bila haraka utakuwa umekimaliza kabla maji ya chai hayajachemka. Hata jina lake si jina hasa. Clach kwa Kigaeli ni jiwe, na clachan ni kijiji kidogo, hasa kile chenye kanisa la parishi. Ni kama kuita kijiji "Kijiji". Scotland ina akina Clachan wengi, ndiyo maana huyu ukimtafuta lazima umtaje na parishi yake, Kilcalmonell. Na shamba kubwa la hapo linaitwa Balinakill, yaani baile na cille, mji wa kanisa. Watu hawa hawakuhangaika kubuni.

Nilikuja kwa ajili ya mtu mmoja, na nikiri kwamba nusu ya siku nilimsahau.

Juu ya kijiji, upande wa bahari, kuna kilima kinaitwa Dun Skeig, mita 143 kwenda juu. Nilikipanda kwa viatu visivyofaa. Kileleni kuna mabaki ya ngome tatu za zama tofauti. Kwanza ulikuwepo ukuta mkubwa uliozunguka kilele. Baadaye ikajengwa ngome ya umbo la yai, na hiyo ndiyo iliyonishangaza, kwa sababu mawe yake yameyeyuka. Si kuungua tu. Yalichomwa moto mkali, ule wa magogo yaliyopangwa ndani ya ukuta, mpaka yakatoka majimaji na kuganda tena, yamegandana kama mabaki ya chuma chini ya tanuri ya mhunzi. Niliinama nikalipitishia kidole jiwe moja: upande mmoja lina vitundu kama mkate wa mofa, upande wa pili linateleza kama kioo cha chupa. Kisha wakaja watu wengine, wakajenga ngome ya tatu, ya duara, na kwenye kuta zake wakaokoteza yale yale mawe yaliyoyeyuka ya waliotangulia. Mtu kakuta nyumba imeungua, kaona hasara ya nini, mawe si haya hapa.

Ukiwa kule juu unaona kwa nini walipapigania. Hori lote la West Loch Tarbert liko chini yako na kila chombo kinachoingia unakihesabu. Mbele kuna kisiwa cha Gigha, na nyuma yake milima ya Jura, ile ambayo wenyeji wameiita Matiti bila aibu yoyote. Kusini kidogo, mahali panapoitwa Ballochroy, yamesimama mawe matatu mstari mmoja, na pembeni yake sanduku la mawe lililokuwa kaburi. Profesa Alexander Thom, mhandisi aliyepima mawe ya namna hiyo nchi nzima, alisema ukitazama kwa kufuata uso bapa wa jiwe la kati utaona mahali jua linapotua siku ndefu kuliko zote, nyuma ya mlima mmoja wa Jura. Ukifuata mstari wa mawe yenyewe, utaona linapotua siku fupi kuliko zote, upande wa kisiwa kidogo cha Cara. Wataalamu wengine wanabishana naye. Mimi siku hiyo jua sikuliona kabisa, kwa hiyo sina upande.

Jina la parishi latoka kwa mtakatifu wa Ireland, Colmán Eala, aliyekufa 611. Kilcalmonell ni kanisa la Colmán. Adomnán, abati wa kisiwa cha Iona, alimsimulia katika kitabu alichoandika miaka kama tisini baada ya kifo chake. Siku moja Columba, mtakatifu aliyeanzisha monasteri ya Iona, akiwa kisiwani humo aliwaambia ndugu zake kwamba Colmán yuko baharini anakuja na muda huo huo ameingia kwenye kizingia cha Brecan, yale maji yanayozunguka kwa nguvu, amekaa omo ya chombo, ameinua mikono anayabariki mawimbi. Wakauliza, atazama? Columba akasema hazami, Mungu anamtikisa tu ili aombe kwa bidii zaidi. Nahodha yeyote wa Lamu ataielewa hadithi hiyo bila kufafanuliwa. Hata kasisi awe mtakatifu namna gani, pepo zikigeuka anakuwa abiria.

Lakini hadithi niipendayo kuliko zote katika parishi hii ni ya Magnus, mfalme wa Norway. Mwaka 1098 alifanya mapatano na mfalme wa Scotland kwamba visiwa vyote vya magharibi viwe vyake, na kisiwa kitahesabiwa ni kile ambacho chombo chenye usukani kinaweza kukizunguka. Rasi ya Kintyre, ilipo Clachan, si kisiwa. Imeshikana na bara pale Tarbert kwa kipande cha nchi kavu cha upana wa maili moja hivi. Magnus akaitaka, kwa kuwa ina mashamba mazuri. Akaamuru jahazi livutwe nchi kavu kutoka hori moja hadi la pili, yeye mwenyewe ameketi tezi, ameshika usukani. Wakalikokota mpaka ng'ambo. Akasema haya, nimeizunguka. Nilicheka peke yangu ndani ya basi niliposoma. Nikakumbuka pia kwamba sisi wenyewe tulichukuliwa pwani yetu kwa karatasi za aina hiyo hiyo, na pale hakuna hata aliyejisumbua kuvuta jahazi.

Baada ya Wanorway palikuwa na mabwana wa Visiwa, mpaka mfalme wa Scotland alipowanyang'anya cheo mwaka 1493. Humu Clachan wakubwa walikuwa akina MacAlister wa Loup. Katika kanisa mna mabamba ya makaburi ya enzi hizo, marefu na membamba, yamechongwa panga na majani yanayojisokota. Hakuna sifa, hakuna shairi. Upanga tu, umenyooka kutoka kichwani hadi miguuni.

Parishi yenyewe ilikuwa serikali. Hili nililielewa kwa msaada wa mwenzangu kazini, Mkikuyu aliyelelewa PCEA, kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, kule Thogoto. Nilipomsomea kuhusu mchungaji, wazee wa kanisa, kikao chao na presbiteri, yaani baraza la parishi kadhaa, juu yao, akacheka: "Si hiyo ni kanisa yetu tu?" Ndiyo hiyo hasa. Kwa zaidi ya miaka mia mbili kikao cha wazee ndicho kilichoamua mambo ya kijiji. Sheria ya 1696 ilitaka kila parishi iwe na shule na mwalimu, gharama ziwe juu ya wenye ardhi. Maskini walilishwa kutoka sanduku la kanisa mpaka sheria mpya ilipokuja 1845. Vizazi na ndoa viliandikwa kwenye daftari la parishi mpaka serikali ilipolichukua jukumu hilo 1855. Na aliyezaa nje ya ndoa, au kulewa Jumapili, aliitwa mbele ya wazee, akapigwa faini, na huenda akakalishwa kwenye kiti cha toba mbele ya waumini wote, Jumapili baada ya Jumapili. Faini ikaingia kwenye sanduku lile lile la maskini. Kwa hiyo, kwa hesabu yangu, wazinzi wa Scotland wamelisha wajane wengi sana.

Mwaka 1843 kanisa hilo likapasuka. Ugomvi ulikuwa ni nani anayemchagua mchungaji, kabaila mwenye ardhi au waumini. Wachungaji 474 wakatoka wakaacha nyumba na mishahara, wakaanzisha Kanisa Huru. William Mackinnon alikuwa kijana wa miaka ishirini wakati huo, na hilo Kanisa Huru ndilo alilolishika.

Haya, sasa tumefika kwake.

Hakuzaliwa tajiri. Mwaka 1847 alikwenda Calcutta kwa mwenzake wa Campbeltown aliyeitwa Robert Mackenzie, wakafanya biashara. Mwaka 1856 wakaanzisha kampuni ya meli, na 1862 ikapewa jina la British India. Wazee wa Mombasa na Unguja wanalijua jina hilo, maana meli za BI ndizo zilizobeba baba zao na mizigo yao. Mwaka 1872 meli zake zilianza kuleta barua Unguja kutoka Aden, akazoeana na Sayyid Barghash, sultani wa Unguja, na miaka michache baadaye akakaribia kukodishwa pwani yote na bara yake kwa miaka 70. Mapatano yakavunjika. Alijenga pia barabara kutoka Dar es Salaam kuelekea ziwa Nyasa. Ikafika maili 70 hivi, mbung'o wakala ng'ombe wa mikokoteni, ikaachwa 1881. Kumbe barabara yetu ilikuwa ya pili.

Ya kwetu ilianza 1890, baada ya kampuni yake, Imperial British East Africa, kupewa hati ya malkia tarehe 3 Septemba 1888. Ilikuwa njia ya mikokoteni, kutoka Mombasa kupita nyika ya Taru kwenda bara. Mwaka 1891 yeye na wenzake wakagharamia misheni ya Kiskoti kule Kibwezi, ikiongozwa na Dk. James Stewart. Homa ikawamaliza, na 1898 misheni ikahamia Kikuyu. Kwa hiyo yule mwenzangu wa Thogoto naye, kwa njia ya kuzunguka kama jahazi la Magnus, ni mtoto wa parishi hizi.

Kampuni ilifilisika bila kutangaza kufilisika. Mwaka 1895 ikakabidhi kila kitu kwa serikali ya Uingereza na kulipwa pauni 250,000. Ukichungulia ndani utaona pauni 200,000 kati ya hizo zilitoka kwenye fedha za Sultani wa Zanzibar. Yaani pwani ya Sultani ikakombolewa kwa pesa za Sultani, na asirudishiwe. Hapo naomba nisiseme zaidi, mamangu husoma ninayoandika.

Balinakill aliinunua miaka ya 1860, akawa ndiye bwana mkubwa wa Clachan. Stanley, yule mvumbuzi, alikuwa mgeni wa nyumba hiyo. Ile safari ya kwenda kumwokoa Emin Pasha, gavana aliyekwama kusini mwa Sudan, iliyoua mamia ya wapagazi wa Unguja, fedha zake nyingi zilichangishwa na Mackinnon na rafiki zake. Mwaka 1889 malkia akampa cheo, na katika cheo hicho akaweka jina la Loup, ile ardhi ya zamani ya akina MacAlister. Ngome ya tatu kwa mawe ya ngome ya pili.

Uani mwa kanisa nilimkuta bibi mmoja na mbwa wake, wote wawili wamelowa na hawajali. Kazini kwangu wazee wa makamo yake hutaka uwaite kwa jina la kwanza, na mpaka leo ulimi wangu hukataa, kwa hiyo nikamsalimia bila jina lolote. Akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia natafuta kaburi la Mackinnon.

"Yule wa meli?" akasema. "Wewe ni mtu wa pili mwaka huu. Wa kwanza alikuwa mtu wa vitabu."

Nikamweleza kwamba nimezaliwa mahali panapoitwa kwa jina lake. Akanitazama kwa muda.

"Pako vipi?"

Nilitafuta la kumwambia. Pakavu, nikasema. Pana vumbi jekundu, stesheni ya reli, soko la ng'ombe na mbuzi, maduka kando ya lami. Baada ya vita vya pili jeshi la Waingereza lilijenga ghala kubwa la vifaa pale, kisha kambi hiyo ikatiwa wafungwa wa Mau Mau. Na kuna msikiti wenye kaburi.

"La nani?"

Nikamwambia la Sayyid Baghali. Alikuwa mnyapara kutoka Bara Hindi, mmoja wa wale zaidi ya 31,000 walioletwa kujenga reli. Watu wanasimulia kwamba akibeba karai la kokoto halikugusa kichwa chake, lilielea juu yake kidogo. Alifia pale akazikwa kando ya reli. Enzi za gari moshi la zamani dereva akipita hapo alikuwa akipunguza mwendo na kupiga honi. Mpaka leo madereva wa mabasi na malori husimama, wakanawa, wakaomba, wakatia sadaka, ndipo waendelee na nyika. Hata wasio Waislamu. Hakuna dereva mwenye akili anayetaka kujaribu.

"Kwa hiyo mji una jina la huyu wetu," bibi akasema, "na wanasimama kwa ajili ya yule."

Nikasema ndivyo. Akavuta mbwa, akanionyesha kwa kidevu upande wa kwenda, akaniaga.

Nilisimama kaburini pengine dakika kumi. Nilikuwa nimejitayarisha nione hasira au nione fahari, sikuona hata moja. Niliona miguu yangu imelowa. Sanamu yake ilikuwa Treasury Square pale Mombasa. Baada ya uhuru iling'olewa ikasafirishwa kuja Scotland, ikawekwa kwenye shule moja ya Dumbarton, na shule yenyewe ikafungwa mwaka 2000. Babu yangu mzaa mama aliwahi kuniambia alipokuwa kuli bandarini walikuwa wakipumzika kivulini mwa ile miti ya bustani yake, na hakuna aliyejua sanamu ni ya nani. Walikuwa wakisema tu, "tukutane kwa mzee."

Nikampigia mama simu ya video. Mtandao wa Clachan ni mbaya kuliko wa Makinoni, andika hilo.

"Uko wapi, mwanangu? Mbona kumekuwa kijani hivyo?"

"Niko kaburini kwa Makinoni, mama."

"Yupi, Makinoni ni mtu?" Miaka sabini anaishi pale. Nikamgeuzia kamera, akatazama jiwe, akatazama kondoo. "Hebu sogeza. Mbona hapajafagiliwa? Hana watu?"

"Ana watu, mama. Ni mvua."

"Nimsomee Fatiha?"

"Alikuwa wa kanisa, tena kali."

Akanyamaza, anafikiri. Nyuma yake nilisikia lori likipunguza gia, kisha honi mbili fupi, za kwa Sayyid. Akauliza, "Na huko magari yakipita, yanampigia?"

Nikasikiliza. Kule barabara kuu lilikuwa linapita lori la magogo, likapita moja kwa moja.

"Hayapigi, mama."

"Hata moja?"

Basi la kurudi nililisubiri saa nzima na robo, nikala sandwichi yangu chini ya mti unaovuja kuliko mvua yenyewe. Kwenye maji ya hori palikuwa na vichwa viwili vyeusi vya sili, vinazama vinaibuka, vinanitazama. Dereva alikuwa yule yule wa asubuhi. Akauliza kama nimepata nilichokuja kutafuta, nikamwambia nimepata, akashika njia. Honi aliipiga mara moja tu mpaka Glasgow, pale Whitehouse, kwa kondoo aliyesimama katikati ya barabara.